Mchu nao usisahauliwe

Mwandishi wa makala ya mikoko ameeleza vizuri jinsi mizizi inavyoizuia chumvi, lakini hiyo ni mbinu ya mkoko zaidi. Mchu, jirani yake kwenye tope lile lile, huacha kiasi cha chumvi kipande hadi juu, kisha huitoa kwa tezi ndogo za majani. Jua likishakausha, jani hubaki na chengachenga nyeupe, lilambe utajua.

Inayobaki ndani ni kazi ya protini. Sodiamu ya chumvi hiyo ikijaa kwenye seli huvuruga vimeng'enya, kwa hiyo pampu husukuma protoni ndani ya vakuoli, lile ghala la maji la seli. Protini ya NHX1 huutumia msukumo huo: protoni itoke, sodiamu iingie ifungiwe humo. Mwaka 2001 watafiti waliozifanya nyanya zitengeneze NHX1 kwa wingi walizivuna kwenye maji yenye karibu theluthi ya chumvi ya bahari.

Gharama ya kuhamishia mbinu hii kwenye mazao ndiyo haitajwi. Pampu hizo hula nishati, mmea ukadumaa, na mkulima wa mpunga wa delta ya Rufiji anataka magunia, si majani mabichi tu. Kwa mpunga ningeanza na protini ya HKT1;5, inayoichomoa sodiamu kwenye maji yanayopanda kabla haijafika majanini.