Nambari ya Bolti

Imekuwa desturi yetu makarani kusema kwamba bunduki ni kazi ya askari na fundi, na ya karani ni kuhesabu tu: zimetoka kumi, zimerudi kumi, sahihi, basi. Sisi nasi tuliamini hivyo mpaka lilipotupata jambo tunalolieleza hapa, ijapokuwa halituletei sifa.

Katika bohari moja tuliyoitumikia, bunduki za .303 za askari wa wanyama zilivuliwa bolti zote siku moja ili zisafishwe. Bolti zikalowekwa pamoja katika karai la mafuta ya taa, kisha kila bunduki ikarudishiwa bolti iliyokuwa karibu na mkono. Zote ziliingia. Moja ilikuwa nzito kufunga; akaitwa fundi wa mjini, hodari wa cherehani na baiskeli, akaipiga tupa kidogo ikawa laini. Sisi tukasoma nambari za mwilini, tukaona zapatana na daftari, tukatia sahihi. Baada ya majuma machache askari mmoja aliipiga bunduki ile. Ganda la risasi likakatika kitakoni, na moto ukamrudia usoni. Jicho moja halikupona.

Bunduki ya Lee-Enfield hufungwa na meno mawili yaliyo nyuma ya bolti, na fundi wa kiwandani huyasugua hata yote mawili yashike sawasawa katika mwili wa bunduki ile, wala si nyingine. Ndiyo sababu nambari moja hugongwa mwilini na katika mkono wa bolti. Inchi moja ikigawanywa sehemu elfu, nafasi inayoachiwa ukingo wa ganda mbele ya bolti sharti isipungue sehemu 64 wala isizidi 74. Sehemu kumi hizo ni unene wa karatasi mbili tatu za daftari! Katika bunduki ya No. 4 vichwa vya bolti hufanywa kwa vipimo mbalimbali, kuanzia 0 hata 3, ili fundi achague kinachofaa. Apigaye tupa meno huipanua nafasi hiyo, na chuma kilicholiwa hakirudi. Tena akisugua jino moja kuliko jenzake, nguvu yote ya baruti hubebwa na moja.

Yako makosa mengine ya namna hii. Wapo wanaosugua mtambo ili kidole kisichoke, na bunduki ikianguka yajipiga yenyewe. Wapo wanaovuta kamba ya kusafishia upande upande, mpaka mdomo wa mtutu ukaliwa na risasi ikapotea njia.

Wala mtu asidhani kuwa huu ni ujinga wa bohari za mashamba tu. Askari wa Kanada walikwenda vitani Ulaya mwaka 1915 na bunduki ya Ross. Bolti yake ikifunguliwa yaweza kuunganishwa vibaya, ikaingia na kupiga huku haikujifunga. Bunduki hiyo ilikwama sana matopeni, na wengi waliitupa wakaokota Lee-Enfield. Mwaka 1916 ikaondolewa mikononi mwa askari wa mstari wa mbele. Lakini kosa lile la kuunganisha mafundi walilizuia kwa kutia ribiti ndogo katika bolti. Sisi hatuna ribiti. Tuna nambari, na kusoma nambari ndiyo kazi tuliyofundishwa.

Tumeambiwa na wenzetu kwamba karani akikataa kutia sahihi, bunduki italala bohari miezi ikimngoja fundi wa silaha, na huku nguruwe na tembo wanamaliza mihogo ya watu. Ni kweli, nasi hatuna jibu la kumfurahisha mwenye shamba. Hata hivyo twaona afadhali bunduki ilale.

Kwa hiyo twaomba daftari la silaha litiwe safu ya nambari ya bolti kando ya ile ya mwili, na zikitofautiana karani aandike hivyo waziwazi na azuie sahihi yake. Twaomba pia chama kiwaombe wakuu wa idara wapeleke katika kila bohari vile vipimo viwili vya chuma, cha 64 na cha 74, pamoja na mtu ajuaye kuvitumia. Hoja hii tutaileta katika mkutano ujao. Nakala ya ukurasa ule wa daftari tutakuja nayo, yenye sahihi yetu.