Kompyuta Isiyopata Intaneti: Tuichunguze, Tusiifungie Kabatini

Mwaka jana nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya sekondari iliyo mbali na mji. Shule hiyo ilikuwa na kompyuta mpakato nane zenye mfumo endeshi wa Linux, nazo zilikuwa zimefungiwa kabatini muhula mzima. Nilipouliza sababu, nilijibiwa kwamba mfumo huo "haukubali intaneti". Modemu ilikuwapo, laini ilikuwa na bando, na taa ya modemu iliwaka; lakini kompyuta haikuonyesha mtandao wowote.

Maoni yangu ni kwamba hukumu ile haikuwa ya haki, na kwamba hitilafu yenyewe ingeweza kuwa somo zuri la sayansi.

Kwanza tuangalie chanzo chake. Modemu nyingi za kuchomeka katika tundu la USB zina sura mbili. Zinapochomekwa, hujitambulisha kwa kompyuta kana kwamba ni sidii. Watengenezaji walikuwa na sababu: ndani ya hiyo "sidii" wameweka programu ya kusakinishwa katika Windows, ili mnunuzi asihitaji kupewa diski mbali. Programu hiyo ikishasakinishwa, huiamuru modemu iache kujifanya sidii na ianze kazi yake. Katika Linux programu hiyo haifanyi kazi. Basi pasipokuwa na mwingine wa kutoa amri hiyo, modemu hubaki sidii, na mtumiaji hudhani kwamba mfumo umeikataa.

Dawa yake ni programu ndogo iliyo huria, iitwayo usb_modeswitch. Kazi yake ni kuitambua modemu ya namna hiyo na kuipelekea amri ya kugeuka.

Siku ile niliwaomba wanafunzi wachomeke modemu, kisha waandike amri ya lsusb katika dirisha la amri. Amri hiyo huorodhesha vifaa vilivyounganishwa, kila kimoja na namba yenye sehemu mbili: ya mtengenezaji na ya kifaa chenyewe. Waliinakili namba hiyo daftarini. Usb_modeswitch haikuwamo, hivyo tuliisakinisha kwa kutumia intaneti ya simu yangu iliyounganishwa kwa waya. Tulipoichomoa modemu na kuichomeka upya, sehemu ya pili ya namba ilikuwa imebadilika. Kisha amri ya mmcli -L ilituonyesha kwamba sasa kompyuta inaiona modemu.

Hata hivyo, intaneti haikuja. Binti mmoja wa kidato cha tatu ndiye aliyegundua kwamba APN, yaani jina la lango ambalo data ya simu hupitia kuingia katika intaneti, lilikuwa la kampuni nyingine, si ya laini iliyomo. Aliliandika jina sahihi, na ukurasa wa kwanza ukafunguka.

Je, hapo tulifanya nini? Tulifanya kile ambacho mwalimu wa fizikia hukifanya taa isipowaka katika mzunguko wa umeme: hukagua betri, waya, swichi na globu, kimoja baada ya kingine, bila kubadilisha mambo mawili kwa pamoja. Kifaa kinaonekana? Kimegeuka? Mfumo umekitambua? Laini imepata mtandao? Lango ni sahihi? Kila swali lina jibu linaloweza kuthibitishwa.

Linux inafaa sana kwa zoezi hili. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, na tangu mwaka 1992 imetolewa kwa leseni inayomruhusu yeyote kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Mwanafunzi anayetaka kujua kilichomo ndani yake hazuiwi na mtu.

Simlaumu mwalimu wa shule ile. Mimi mwenyewe nilisomea shahada ya uzamivu ng'ambo, mahali ambapo waya wa intaneti ulitoka ukutani, wala sikuwahi kuuliza jinsi ulivyofanya kazi. Tena mwalimu mwenye vipindi vingi hana saa tatu za kuhangaika na modemu. Wapo watakaosema kwamba simu ya mwalimu yatosha. Yatosha kwa dharura, kama ilivyotutosha sisi. Lakini mwalimu aondokapo jioni, simu huondoka naye.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, wanaozigawia shule kompyuta wasizikabidhi kabla ya kuzijaribu kwa modemu na laini zitakazotumika mahali hapo, na waache maelezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Pili, kila chumba cha kompyuta kiwe na daftari la hitilafu, ambamo wanafunzi wataandika kilichotokea, walichojaribu na walichokiona. Atakayekutana na hitilafu ileile mwaka ujao hatalazimika kuanza upya.

Kompyuta zile nane sasa ziko mezani. Ndugu walimu, kama shuleni kwenu zipo nyingine zilizofungiwa kwa sababu kama hiyo, zitoeni, na wanafunzi waanze na swali la kwanza: je, kifaa kinaonekana?