Mikoko hainunui kopa

Najua nimekuwa adimu humu. UE zilinibana, halafu nikakimbilia nyumbani Kibiti kupumua na kula wali wa nazi wa bi mkubwa. Nimerudi chuo juzi. Leo nina hasira kwa hiyo mtanivumilia, habari za foleni ya kantini zitasubiri.

Iko hivi. Jana jioni pale kibarazani hosteli mabishano yalikuwa magari ya umeme. Nikasema na sisi wa njia ya Kusini tunataka mashine za kuchaji, maana gari likitoka Dar kwenda Lindi au Mtwara lazima lipite Kibiti, halina ujanja. Mshkaji mmoja, mwalimu mtarajiwa mwenzangu wa Jiografia (Mungu awasaidie wanafunzi wake), akadakia: "Kibiti? Wakifunga asubuhi, jioni waya ushapimwa kilo!" Kibaraza kizima kikacheka. Mwingine akaongeza kwamba watu wa huko hawajafika, wapelekewe kwanza taa za sola ndio waulizwe habari za magari.

Sasa nijibu kwa maandishi, kwa sababu pale kelele zilikuwa nyingi.

Kwanza, nani anakata nyaya hizi? Kampuni ya Electrify America ya Marekani ilisema mwaka 2024, hadi mwezi Mei tu, nyaya zake 129 za kuchajia magari zilikuwa zimekatwa. Mwaka 2023 mzima zilikuwa 125. Seattle ni moja ya miji iliyolalamika sana. Jamani, Seattle kuna Wandengereko wangapi? Nchi ina kamera kila kona, polisi wana helikopta, na waya bado unaondoka usiku. Kwa hiyo hoja ya "hawajafika" tuiweke pembeni, hao wamefika mpaka mwezini.

Hata hapa kwetu, treni ya SGR ilipoanza safari mwaka 2024, haukupita muda tukasikia nyaya za shaba za reli zimeibwa. Reli hiyo inakwenda Dodoma. Haipiti delta.

Shaba inaibwa kwa sababu ni shaba, basi. Ukitoa fedha, hakuna metali inayopitisha umeme kuizidi. Mashine ya kuchaji haraka inasukuma umeme mkubwa kwa dakika chache, kwa hiyo waya wake lazima uwe mnene, na unene huo ni kopa kilo kadhaa zinaning'inia nje usiku kucha. Mei 2024 bei ya shaba kwenye soko la London ilipita dola 11,000 kwa tani. Piga hesabu, ni dola 11 kwa kilo, zaidi ya elfu 25 za kwetu. Kijana mwenye kisu hapati hiyo, anapewa kipande tu. Inayobaki inaliwa njiani.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Tuifuate hiyo njia. Waya umekatwa, umepelekwa porini, umechomwa plastiki (moshi wake unaujua, mweusi, unakaba koo). Ukishachomwa hauna jina tena, ni kopa tu. Halafu? Mikoko hainunui kopa. Kamba hawali kopa. Ukienda nayo Mbuchi au Kiongoroni utazunguka visiwa vyote na mtumbwi na hakuna wa kukupa hata mia. Lazima iende kwenye mzani, na mzani uko barabarani, mchana kweupe, una mwenyewe, na mwenyewe ana tajiri yake, na tajiri ana lori. Lori linakwenda mjini. Mjini kuna tanuru, kuna kontena, kuna bandari. Sasa niambie, kati ya watu wote hao, mbona kwenye utani wetu anatajwa mmoja tu, tena yule mwenye ndala?

Wazee wa delta wataniunga mkono, maana biashara hii haikuanza jana. Ile meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha kwenye mikono ya Rufiji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza mpaka ikaishia humo Julai 1915. Mwaka 1924 Mwingereza mmoja, John Ingle, alinunua haki ya kuibomoa kwa pauni 200, akapeleka wapiga mbizi watoe metali zisizo chuma, shaba na ndugu zake. Huo ndio mzani wa kwanza ninaoujua delta. Yule alikuwa na karatasi zake, sawa, simwiti mwizi. Nasema tu kwamba shaba ya Rufiji siku zote imekuwa na mnunuzi kutoka mbali, na jina lake liliandikwa. Leo mnunuzi haandikwi.

Basi aandikwe. Uingereza nyaya za reli zilipoibwa kupita kiasi, walitunga sheria mwaka 2012 kupiga marufuku kulipa pesa taslimu kwa vyuma chakavu huko England na Wales, na mwaka 2013 wakaongeza nyingine, mnunuzi awe na leseni na ahakikishe jina na anwani ya anayemuuzia. Sisi tunaweza kufanya rahisi kuliko wao! Laini zetu zote zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Sema tu kwamba kopa, kuanzia gramu ya kwanza, inalipwa kwa simu. M-Pesa, Airtel Money, chagua mwenyewe. Mzani ukikutwa na kopa isiyo na muamala wake, mwenye mzani ndiye anayekwenda kueleza.

Najua mtasema anayeokota makopo na vyuma kihalali ataumia kwa makato. Kweli, makato yanauma, mimi mwenyewe boom likiingia nalia nayo. Makato yawe ya mnunuzi. Lakini kumwonea huruma muokotaji isiwe kichaka cha kumfichia tajiri.

Wala sitaki ya Kenya. Januari 2022 umeme ulikatika karibu nchi nzima baada ya minara ya njia ya Kiambere kwenda Embakasi kuanguka, ikaonekana vyuma vyake vimehujumiwa, na Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara yote ya vyuma chakavu. Yote! Mafundi wa jua kali na waokotaji wakalala njaa pamoja na wezi, na mwaka huohuo biashara ikafunguliwa tena. Ukifunga duka zima kwa sababu ya mteja mmoja, siku ukifungua yeye ndiye wa kwanza mlangoni.

Kuna na upande wa mafundi, nao wasituchoshe. Ulaya mashine nyingi za kuchaji taratibu hazina waya kabisa, zina soketi tu. Dereva anakuja na waya wake kwenye buti, anachomeka, unafungwa na loki mpaka amalize, anaondoka nao. Usiku mwizi anakuta tundu. Pikipiki za umeme Kigali na Nairobi ziko nyingi za kubadilisha betri, unaacha iliyokwisha unachukua iliyojaa, na kazi ya kuchaji inafanyika ndani ya kabati. Hiyo ingefaa sana bodaboda wetu wa Kibiti, na watu wa boti za Nyamisati wakipenda. Ile ya haraka yenye waya mnene iwekwe kituo cha mafuta, chini ya taa, palipo na mlinzi ambaye tayari analipwa. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji watu "wafike".

Mwenzangu wa Jiografia angepaswa kulijua hili kuliko mimi: bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, limefungwa kwenye mto gani? Rufiji. Mto huohuo ndio uliozamisha nyumba na mashamba ya watu wetu mafuriko ya 2024. Maji ni yetu yakifurika, umeme ukipita juu kwenye nguzo unakuwa wa watu wanaoaminika. Wakati huo mtoto wa kisiwani anasoma kwa sola, na waya mfupi wa kutoka paani kwenda kwenye betri nao ni kopa. Ukikatwa, zahanati nzima inalala giza na friji ya chanjo inapata joto. Wanaolia kwanza wizi huu ni haohao mnaowacheka.

Haya, nakwenda maktaba, nina kazi ya saikolojia ya elimu ya kukusanya kesho. Mshkaji wa Jiografia yuko chumba cha pili kutoka kwangu. Nimemwambia kesho jioni tena pale pale kibarazani, na aje na jina la mwenye mzani mmoja tu aliyewahi kumsikia akitajwa kwenye utani wake.