Musichana si kombe: maoni yetu juu ya filme Challengers

Siku ya posho iliyopita tulikaa watu 15 mbele ya ordinatere moja, hapa Panda, tukaangalia Challengers, filme ya tenisi ya Luca Guadagnino iliyotoka mwaka 2024. Ilipoisha, mwenzetu mumoja akasema: "Ule mwanamuke njo alibomoa wale vijana." Wengi wakaitika. Njo maana tunaandika.

Kwanza tuseme haki: filme iko muzuri. Art na Patrick ni marafiki tangu utoto, walilala chumba kimoja kwenye shule ya tenisi, na wote wawili wanamupenda Tashi, mwenye kuwazidi kwa kucheza. Wanapokutana tena mwaka 2019 kwenye shindano dogo la New Rochelle, mupira njo unasema kwa nafasi yao. Patrick anaweka mupira kwenye shingo ya raketi kabla ya kupiga, na Art anaelewa siri yote bila neno moja. Muziki wa Trent Reznor na Atticus Ross unakimbiza moyo. Hata sisi watu wa Panda B52, wenye hatujashika raketi hata siku moja, hakuna aliyeenda kunywa maji.

Lakini Tashi anaumia goti akiwa bado iniversite, mchezo wake unakufa. Hapo njo hadithi kubwa ilikuwa. Filme inapita mbio: mara yuko kocha, mara yuko bibi ya Art. Mwishoni wanaume wawili wanakumbatiana kwenye wavu, yeye anapiga kelele pembeni.

(Na Patrick anayelala ndani ya gari? Tulimuhurumia, kisha tukasikia wazazi wake ni matajiri. Kwetu mwenye kulala hivyo hana wa kupigia simu.)

Ni kweli, Tashi mwenyewe alisema atakayeshinda atapata namba yake ya telefone. Wenzetu wanashika paka hiyo. Wanasahau kwamba Art njo alitia maneno katikati ya wapenzi, na kwamba Patrick aligombana naye kabla ya mechi ile, akakosa hata kuja kumuangalia. Walikuwa na akili zao.

Hatusemi mambo ya mbali. Kwenye timu moja ya mutaa wetu wavulana wawili waligombania musichana, wakafika kunyimana pasi, timu ikavunjika. Jina lililotembea sokoni lilikuwa la musichana. Alikuwa anakuja kwenye mikutano yetu, akaacha. Hakuna mutu alienda kumuuliza, hata sisi wenye kuandika kila siku juu ya haki. Wale vijana wawili leo wanacheza pamoja tena, wanacheka.

Siku ya posho inayokuja, saa tisa, tutaionyesha tena, na tutaanza na ile sehemu ya goti. Tumemutumia ule dada ujumbe aje. Bado hajajibu.