Uzi: Bango lisilofunguka halimkingi mtu

1/ Wauguzi wenzangu wa Ngara na Biharamulo, na wewe unayesoma usiye wa fani yetu, leo siongelei dripu wala sindano. Naongelea faili. Nivumilieni, maana hili jambo dogo linatugharimu.

2/ Mnakumbuka Januari 2025. Tarehe 20 Rais alitangaza kuwa Marburg imeingia Biharamulo. Ilipotangazwa kuisha tarehe 13 Machi, hesabu ilikuwa wagonjwa 2 waliothibitishwa na 8 waliodhaniwa. Wote 10 walifariki. Ugonjwa hauna chanjo wala dawa yake iliyoidhinishwa. Kwa hiyo taarifa ndiyo kinga: nawa mikono, usiguse majimaji ya mgonjwa wala maiti, wahi kituoni.

3/ Siku zile nikapokea bango kwenye grupu, ati tuchape tubandike. Jina liliishia na .ai. Simu ikagoma: haiwezi kufungua faili hili. Nikazima, nikawasha. Nikapakua tena, bando likaisha. Mwishowe nikaandika kwa kalamu nene nyuma ya boksi la glavu. Siku mbili ukuta wa mapokezi ulikuwa mtupu.

4/ Simu haikuwa na kosa. Picha ya kawaida, kama JPG, ni vidoti; ukiikuza sana inavunjika. Picha ya vekta ni maelekezo: chora mstari toka hapa hadi pale, jaza rangi hii. Ndiyo maana inafaa kwa bango kubwa. Ila maelekezo yanataka programu inayoyaelewa. Ni kama cheti cha dawa ambacho mfamasia hawezi kukisoma: dawa ipo kabatini, mgonjwa anaondoka mikono mitupu.

5/ Basi faili likigoma, lipime kama unavyompima mgonjwa:
– Mwisho wa jina. Kama ni .svg, lifungue kwa kivinjari, Chrome au Firefox. Kama ni .ai, mara nyingi lina PDF ndani yake. Tengeneza nakala, badili mwisho uwe.pdf, ujaribu. Kama ni .cdr, ni la CorelDRAW. Peleka steshenari, au jaribu Inkscape kwenye kompyuta, ni ya bure.
– Uzito. La mwenzako ni MB 3, lako KB 40? Halikushuka lote. Pakua upya.
– Kivinjari kikisema kuna kosa mstari fulani, au kikionyesha maandishi ya kompyuta badala ya picha, faili limekatika au liliandikwa vibaya. Mrudishie aliyetuma.
– Limefunguka lakini maneno yamepandana? Fonti haikuwekwa ndani. Usichape hivyo hivyo! Namba ya simu au dozi ikikatika ni hatari.
– Faili la .svg kutoka kwa mtu usiyemjua liache. Linaweza kubeba programu mbaya.

6/ Najua wapo watakaosema muuguzi ajifunze kompyuta. Sawa, tujifunze, ndiyo maana nimeandika hapo juu. Lakini mimi nasema mzigo wa kwanza ni wa anayetuma. Yeye ana kompyuta, umeme na mtandao. Mimi nina simu moja na foleni mpaka nje. Tuma PDF yenye fonti ndani, na JPG ya kusomea kwenye simu. Halafu, kabla hujabonyeza tuma, lifungue kwanza kwenye simu ya kawaida. Dakika mbili tu.

7/ Sisemi faili la vekta litupwe. Hapana. Litume pia, lakini liambatane na hayo mengine. Hapa Ngara kuna bibi anayeelewa Kihangaza vizuri kuliko Kiswahili. Tukiwa na faili la asili, steshenari wanaweza kubadili maneno bila kuanza bango upya.

8/ Sisi tuko mpakani: Rusumo kuna Rwanda, Kabanga kuna Burundi. Watu wanapita kila siku, na ugonjwa hausubiri faili lifunguke. Wewe unayetutumia mabango, ukisoma hili usichukie. Kazi yako ni nzuri. Tunaomba tu ifike ukutani.

Kama lipo faili lililokushinda, andika hapo chini linaishia na herufi gani. Tusaidiane. Zamu njema.