GT86 ya kwenye gemu na Mark X ya kaka yako: uzi kwa wadogo zangu wa Majengo

1/ Jana nimeambiwa uso kwa uso hapa Majengo: "Sista, mimi drifti naijua, nina miezi sita kwenye gemu." Kijana anataka kuizungusha Mark X ya kaka yake kwenye msafara wa harusi Jumamosi. Nimeweka chupa ya chai chini. Hebu tuongee.

2/ Kwanza nyie wazazi mnaosema gemu ndiyo inaharibu watoto: hapana. Hata mimi nacheza. Nikitoka zamu naingia Assetto Corsa, naichukua Toyota GT86, nachezea hiyo hiyo mpaka vidole vinakufa ganzi. Gemu ile haidanganyi kuhusu gari. Mnaojidanganya ni nyie mnaoicheza.

3/ GT86 ni gari ya milango miwili: injini mbele, nguvu nyuma, farasi kama 200, uzito kama tani moja na robo. Tairi za mbele zina kazi ya kuelekeza. Za nyuma zinasukuma na wakati huo huo zinashikilia mkia. Ukikanyaga mafuta kwenye kona mpaka zizidiwe na kusukuma, zinaacha kushikilia. Mkia unatoka. Drifti ndiyo hiyo, hakuna uchawi.

4/ Kutoka ni rahisi, kazi ni kurudi. Unakata usukani kinyume, na mafuta huyaachii ghafla. Ukiogopa ukayaachia, tairi za nyuma zinashika lami kwa mpigo na gari inajirusha upande wa pili huku usukani wako bado umekata. Mimi gemu imeniua hivyo mara zisizohesabika. Anayecheza na vidhibiti vyote vimezimwa anatoka na woga, hatoki na kiburi. Ukitoka na kiburi, ujue kuna kitu gemu ilikuwa inakusaidia.

5/ Sasa Mark X. Nguvu nyuma nayo, sawa. Lakini ni ndefu, ina kama tani moja na nusu, nyingi ni oto, na breki ya kuegesha unakanyaga kwa mguu. Handbreki utavuta ipi? Halafu difu: ya GT86 kwenye gemu inagawa nguvu tairi zote mbili. Difu ya kawaida, tairi moja ikikosa mshiko nguvu inakimbilia huko huko. Gari haikusikilizi tena, na wewe unabaki abiria mwenye usukani.

6/ Mtasema "mikono inajua". Hapa nesi anaongea. Ndani ya sikio una viungo vya mizani vinavyohisi mwili ukigeuzwa. Kwenye kiti cha plastiki vinakaa kimya, kwa hiyo umejifunza kwa macho tu. Ndani ya gari ya kweli vinapiga kelele, moyo unakimbia, mikono inaukaba usukani. Na drifti inataka uuache utiririke mikononi. Miezi yako sita haijafundisha hilo hata dakika moja.

7/ Tena kwenye gemu njia imefungwa. Hakuna bodaboda, hakuna mama wa maandazi, hakuna mchanga wa barabara ya vumbi uliomwagika juu ya lami. Watoto hawakimbilii msafara wakipiga makofi.

8/ Hesabu fupi. Mwendo ukitoka 40 kwenda 80, nguvu ya kugonga haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Nimewahi kukata kwa mkasi suti ya harusi ya kijana aliyekuwa ananiuliza kama gari imepona. Mguu wake alikuwa hajauangalia bado.

9/ Kuna mjuaji ataniletea Keiichi Tsuchiya wa Japani, "si alianzia barabarani?" Ndiyo, milimani. Lakini malizia habari yake: maisha yake ni ya viwanja vya mbio, na 1999 alimaliza wa pili Le Mans, yeye na wenzake wawili, kwa Toyota. Heshima aliijenga kwenye njia iliyofungwa, na gari ya kuokoa watu inasubiri pembeni. Wewe pembeni yako yuko bibi harusi.

10/ Kwa hiyo nakupa mtihani, mdogo wangu. Zima vidhibiti vyote, chukua GT86, cheza bila kuanza upya. Ukizunguka mara moja tu, umekufa: zima mashine, kalale, rudi kesho. Fanya hivyo mwezi mzima, kisha niambie ulizikwa mara ngapi.

11/ Baada ya hapo kama bado unataka, njoo tutafute uwanja wa wazi, mtu mzima anayejua magari, na mikanda ifungwe. Nitakuja mwenyewe na sanduku la huduma ya kwanza.

12/ Ila Jumamosi niko zamu. Sitaki kukuona. Nataka nisikie honi na vigelegele vikipita kwa mbali, basi.