Union Berlin na hesabu ya makombe

Kila mpenzi wa soka la Ujerumani ameshaisikia hoja hii, iwe kijiweni au kwenye kibanda umiza wakati wa mapumziko. Bundesliga, wanasema, ni ligi ya timu moja. Bayern Munich anabeba, mwakani anabeba tena, na wengine wote 17 wanasindikiza tu. Kwa hiyo mtu mzima anayejifunga kwa klabu nyingine ya huko, tena klabu ambayo haijawahi kutwaa ubingwa wa Bundesliga hata mara moja, anapoteza muda wake na kujitafutia presha bure.

Nianze na kilicho kweli ndani ya hoja hiyo. Bayern ilichukua ubingwa mara 11 mfululizo, kuanzia 2013 hadi 2023. Bayer Leverkusen ya Xabi Alonso ikaukatiza mfululizo huo 2024 kwa kumaliza ligi nzima bila kufungwa, na mwaka uliofuata taji likarudi Munich. Hayo hayabishiki. Ninachobisha ni hatua inayofuata: kwamba kwa kuwa kombe lina mwenyewe, waliobaki hawana cha kusubiri. Mimi ni shabiki wa 1. FC Union Berlin, timu ya Köpenick, kusini mashariki mwa jiji la Berlin, na nina cha kusubiri kila wikiendi.

Tuichukue siku moja tu, Jumamosi ya tarehe 18 Mei 2024, raundi ya mwisho ya msimu. Kule Leverkusen mabingwa wapya walikuwa wanakabidhiwa sahani yao, na kamera nyingi zilikuwa huko. Union wao walikuwa nyumbani dhidi ya Freiburg wakiwa nafasi ya 16. Ligi ina timu 18. Mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, na ya 16 inaingia kwenye mchujo na timu ya tatu ya daraja la pili. Timu hiyohiyo, miezi minane nyuma, ilikuwa Santiago Bernabéu kwenye Ligi ya Mabingwa, ikawabana Real Madrid hadi dakika za nyongeza, ndipo Jude Bellingham akapata bao pekee la mchezo. Sasa ilikuwa inapigania uhai. Union wakatangulia. Freiburg wakasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache, na sare ilikuwa haitoshi. Dakika za nyongeza, penalti. Kevin Volland akapiga, kipa akaucheza, na mpira uliorudi ukamkuta Janik Haberer, mtu aliyewahi kuichezea Freiburg yenyewe, akaupeleka wavuni. Mbili kwa moja. Bochum, waliokuwa juu ya Union asubuhi ile, walifungwa manne kwa moja kule Bremen, na kwa tofauti ya mabao wakasukumwa wao kwenye mchujo.

Nafasi ya 15. Kwa hesabu ya makombe hiyo ni sifuri. Lakini mwambie mtu aliyekuwa amesimama jukwaani siku ile kwamba ametazama mechi isiyo na maana.

Hesabu ya makombe ina kasoro kubwa zaidi inapofika Köpenick, kwa sababu watu wa huko walishaishi ndani ya ligi ya timu moja, na ile ilikuwa mbaya kuliko hii ya leo. Wakati wa Ujerumani Mashariki, jiji hilohilo lilikuwa na BFC Dynamo, klabu ya vyombo vya usalama, ambayo mlezi wake alikuwa Erich Mielke, mkuu wa Stasi. Dynamo ilichukua ubingwa mara 10 mfululizo, 1979 hadi 1988, na manung'uniko juu ya waamuzi yalikuwa ya kila msimu. Union, timu ya wafanyakazi wa viwanda vya chuma vya Schöneweide, ilikuwa na Kombe moja tu la nchi ile, la mwaka 1968, na ilikuwa inapanda na kushuka daraja. Watu walikwenda uwanjani vilevile, tena kwa wingi. Kama kombe ndilo linalomleta shabiki, majukwaa yangekuwa matupu na Union ingekuwa imeshakufa. Leo Dynamo, yenye makombe yote yale, inacheza daraja la nne.

Na Union ilikaribia kufa kweli, lakini baadaye, kwa sababu ya fedha. Mwaka 2004 klabu ilikuwa inatakiwa kuonyesha akiba ya karibu euro milioni moja na nusu, la sivyo isingepewa leseni hata ya daraja la tatu. Mashabiki wakaanzisha kampeni waliyoiita kutoa damu kwa ajili ya Union, na waliitoa kweli: walikwenda kwenye vituo vya kuchangia damu, ambako Ujerumani mtoaji hulipwa posho kidogo, na posho hiyo wakaiingiza kwenye akaunti ya klabu. Michango ya namna nyingine ikafuata. Leseni ikapatikana.

Kisha ukaja uwanja. Alte Försterei ulikuwa umechakaa kiasi kwamba ngazi za majukwaa zilikuwa zinamomonyoka, magugu yakiota katikati. Kati ya 2008 na 2009 watu zaidi ya 2,000 walijitolea kuujenga upya, wakafanya kazi zinazokadiriwa kufikia saa 140,000. Wengine walikuwa mafundi wa kazi hizo, waashi na wachomeleaji. Wengine walikuwa walimu, wastaafu na wanafunzi waliofundishwa palepale namna ya kufunga nondo na kupanga mikanda ya zege. Mtu alichukua likizo yake ya mwaka akaenda kubeba zege. Majukwaa waliyoyajenga ni ya kusimama, kwa makusudi. Uwanja unaingiza watu 22,012 na zaidi ya 18,000 kati yao wanasimama dakika zote 90. Ubao wa matokeo upo wa kizamani, wa kubadilishwa namba kwa mkono. Majina ya waliojitolea yameandikwa kwenye mnara nje ya uwanja, juu yake kofia nyekundu ya ujenzi. Mwishoni mwa 2011 klabu ikauza hisa za uwanja wenyewe, euro 500 kila moja, na wanunuzi walikuwa wanachama wake kwa maelfu.

Ninakaa sana kwenye hili kwa sababu hapa ndipo hoja ya "anapoteza muda" inapoanguka. Inamchukulia shabiki kuwa mteja. Mteja akinunua bidhaa mbovu ana haki ya kuhamia duka la jirani, na akikataa kuhama tunamwona mjinga. Lakini aliyemimina zege la ngazi anayosimamia hawezi kuambiwa ahamie Munich kwa kuwa wanafunga mabao mengi zaidi. Ahamie na nini? Ndiyo maana pale Köpenick kuna miiko ambayo mgeni huambiwa mapema: huwazomei wachezaji wako, na huondoki kabla ya filimbi ya mwisho, hata kama umepigwa manne.

Manne ndiyo waliyopigwa katika mechi yao ya kwanza kabisa ya Bundesliga. Ilikuwa Agosti 2019, baada ya kupanda kwa mchujo dhidi ya Stuttgart, na wageni walikuwa RB Leipzig. Mashabiki waliingia na mamia ya picha kubwa za watu waliofariki: baba, mama, babu, rafiki aliyeifuata timu miaka 30 au 40 na hakuwahi kuiona ligi kuu. Wakaziinua juu ili na wao wawemo. Halafu, kwa robo saa ya kwanza, uwanja mzima ukakaa kimya kupinga aina ya klabu ambayo Leipzig inaiwakilisha, yaani klabu iliyoanzishwa 2009 na kampuni ya vinywaji, yenye wanachama wachache mno wenye haki ya kupiga kura. Matokeo yakawa nne bila, kwa Leipzig. Najua wapo watakaosema zile picha ni machozi tu, hayaongezi pointi. Hayaongezi. Yanaeleza kwa nini watu walikuwepo miaka yote ambayo pointi hazikuwepo.

Ipo hoja nzito zaidi upande wa pili, na hii haistahili kupuuzwa. Ujerumani ina kanuni ya 50+1, iliyoanza 1998: klabu inaweza kuunda kampuni na kuuza hisa, lakini chama cha wanachama lazima kibaki na nusu ya kura na moja ya ziada. Wakosoaji wanasema kanuni hii inawafunga mikono. Matajiri wa dunia wanapeleka fedha Uingereza, wachezaji wanawafuata, na Ujerumani inabaki na Bayern peke yake juu ya kilima. Kwa hiyo, wanasema, mashabiki wenyewe ndio wameiua ligi yao.

Nakubali sehemu moja: kanuni haikuleta usawa. Bayern yenyewe inaifuata vizuri tu. Chama cha wanachama wake kina asilimia 75 ya hisa, na Adidas, Audi na Allianz wamegawana zilizobaki. Anayedai kwamba 50+1 itamshusha Bayern anajidanganya. Lakini kanuni haikutungwa kwa kazi hiyo. Imetungwa ili mtu mmoja asiweze kuamka asubuhi akabadili rangi za klabu, akahamisha uwanja au akapandisha kiingilio mpaka mwenye mshahara wa kawaida ashindwe. Na kwa kipimo hicho imefanya kazi. Bundesliga inaingiza watu zaidi ya 38,000 kwa mechi kwa wastani, idadi ambayo ligi nyingi kubwa za Ulaya haziifikii. Dortmund wana jukwaa moja la kusimama linalobeba watu zaidi ya 24,000. Watu hao hawakuvutwa na mashaka juu ya bingwa. Kwa miaka 11 mashaka hayo yalikuwa haba.

Nguvu ya mashabiki hao ilionekana waziwazi. Desemba 2023 klabu 36 za madaraja mawili ya juu zilipiga kura kuruhusu ligi kuuza asilimia 8 ya mapato yake ya matangazo kwa mwekezaji, kwa miaka 20, ili kupata karibu euro bilioni moja. Kura 24 zilikubali, theluthi mbili kamili, bila hata moja ya ziada. Mashabiki wakahisi kwamba wanachama hawakusikilizwa, na kuanzia hapo mipira ya tenisi ikawa inarushwa uwanjani wiki hadi wiki, wachezaji wakisimama kando wakisubiri isafishwe. Mechi zikachelewa, ratiba za televisheni zikavurugika. Tarehe 21 Februari 2024 ligi ikaufuta mpango wote. Sifurahii mechi kusimamishwa, na mtu aliyelipa kiingilio ana haki ya kukasirika. Lakini nitajie ligi nyingine kubwa ambako waliosimama majukwaani wamewahi kuzuia biashara ya kiasi hicho.

Linabaki swali ambalo huulizwa watu kama mimi. Wewe uko Afrika Mashariki, hukutoa damu, hukubeba zege, kura huna. Union ni yako kwa lipi? Jibu langu ni fupi: si yangu kwa maana yao, na sidai. Ninachofanya ni kuifuata. Jumamosi mechi nyingi zinaanza saa kumi na nusu jioni kwetu, au kumi na moja na nusu majira yao ya baridi yakiingia, na nakaa mpaka filimbi ya mwisho kwa sababu hiyo ndiyo desturi ya nyumba niliyoingia. Mtu wa mbali anaweza kuheshimu kitu bila kukimiliki. Anachoweza kufanya zaidi ni kuangalia alichojifunza huko kinahusu nini hapa kwao.

Na kinahusu. Simba walikubali mfumo wa hisa 2017, na mjadala ukatua kwenye namba ambayo kila mpenzi wa soka Tanzania anaijua: mwekezaji asizidi asilimia 49, wanachama wabaki na 51. Yanga nao wakaelekea njia hiyo. Kelele zetu nyingi tangu wakati huo zimekuwa juu ya nani anaweka fedha nyingi na nani amesajili mshambuliaji gani, kana kwamba ile 51 ni namba ya kupamba katiba. Wajerumani walitenganisha mambo mawili mapema: hisa unaweza kuuza, kura ya uamuzi huuzi. Mwanachama wa Msimbazi au Jangwani anayekwenda kwenye mkutano mkuu akiwa na kadi yake iliyolipiwa ana haki ya kuuliza, kabla ya habari za usajili, hizo 51 zinaamua nini hasa. Bei ya kiingilio? Nembo na rangi? Uwanja ukijengwa, hati itaandikwa jina la nani?